Siku ya Panya, Kulabu Moja Hubaki Wazi

Saa nne asubuhi, jua la Desemba ndiyo kwanza linajikokota juu ya paa la kiwanda, na Rimma Zakharovna tayari ameshatunga uzi mwekundu kwenye sindano zake zote. Anazichomeka kifuani mwa aproni, moja baada ya nyingine, kama jenerali anayejivisha nishani mwenyewe.

Kisha anapangusa kaunta, anapanga vibao vya namba, anasimama. Nje ni baridi ya kila mwisho wa mwaka hapa Verkhnaya Luka, mji mdogo wa Urusi: moshi wa kiwanda umesimama wima tangu juzi, na kunguru wameanza kutua juu yake kama kwenye nguzo ya umeme.

Mlango unafunguka. Anaingia baba mmoja mnene na watoto wawili, analaza koti lake juu ya kaunta. Rimma analigeuza kola, anatazama ndani, anamtazama mwenyewe.

"Kitanzi kiko wapi?"

"Kitanzi gani, mama?"

"Cha koti. Cha shingo yako si kazi yangu."

Watoto wanacheka. Baba anainamisha kichwa kama mwanafunzi. Lakini Rimma halikatai lile koti. Anampa kibao chake, na baba hajafika hata kwenye ngazi, sindano imeshaingia kwenye kola. Bale, ile dansi ya jukwaani, ikiisha atakuta kitanzi kidogo chekundu pale ambapo hapakuwa na kitu.

"Koti lisilo na kitanzi ni kama ng'ombe asiye na pembe," anaeleza huku akikata uzi kwa meno. "Utamshika wapi? Ukilitundika kwa kola linaanguka, nalo likianguka anayeinama ni mimi. Nina miaka sitini na minane. Mgongo wangu una kuinama kwa idadi maalumu, nimebakiza kuchache."

Huyu ndiye mlinzi wa chumba cha makoti katika Jumba la Utamaduni la kiwanda cha vichwa vya treni. Katika nchi hii watu hawawaogopi polisi kama wanavyowaogopa akina mama wa makoti, na katika akina mama wote wa makoti hakuna wa kumfikia Rimma: inasemekana hapa mjini aliwahi kumfanya kanali mzima arudi nyumbani kushona.

Leo ni Siku ya Panya.

Kwenye bango bale ina jina lake rasmi, refu na la heshima, lakini mji huu haujawahi kulitumia. Kila mwaka, siku moja kabla ya mkesha wa Mwaka Mpya, shule ya bale ya kiwanda inaonyesha ile hadithi ya msichana aliyepewa mwanasesere wa mbao chini ya mti uliopambwa, panya wakavamia sebule, wakapigana, theluji ikaanguka, na safari ikaishia nchi ya peremende. Wacheza bale wakubwa hukodishwa kutoka mji wa mkoa. Panya ni watoto wa hapa hapa.

Kwa hiyo hakuna mtu Verkhnaya Luka ambaye hajawahi kuwa panya. Mkuu wa polisi alikuwa panya aliyelia mzinga ulipolia. Daktari wa meno alinaswa mkia kwenye pazia, akapanda nalo mpaka juu, na inasemekana alishushwa sikukuu ikiwa imepita. Ndiyo maana mkutano wowote wa mji ukichacha, mzee mmoja husimama na kusema, "Jamani, sisi sote ni panya," na watu hukaa chini.

Rimma alikuwa panya akiwa na miaka saba, safu ya tatu kutoka mbele. Mama yake, Pelageya, alikuwa fundi wa mavazi wa jumba hili, na mikia yote ya panya wa enzi ile ilipita mikononi mwake: soksi ndefu za kike zilizoshindiliwa vumbi la mbao.

"Vita vya panya vikiisha nilishuka kukaa nao, mama kushoto, baba kulia," anasimulia. "Baba alikuwa fundi wa mitambo, alikuwa akitoka zamu ya usiku. Taa zikizimwa tu, amelala. Alikoroma sauti nene, ikaingia vizuri kwenye muziki. Mwaka aliolazwa hospitali, watu walimuuliza mama: mbona mwaka huu bendi imepungua?"

Kwenye mfuko wa koti la Pelageya yalikuwamo machenza. Hayakumenywa nyumbani, hayakumenywa mapumziko. Yalimenywa gizani, theluji ilipoanza kuanguka jukwaani, taratibu ili ganda lisisikike. Rimma anafumba macho akilitaja hilo.

"Mpaka leo nikimenya chenza popote pale, hata stesheni, nasikia filimbi za muziki ule. Na theluji yenyewe ilikuwa karatasi! Akina mama wa ofisini waliikata kwa mkasi mwezi mzima. Baada ya onyesho inafagiwa, inawekwa gunia, inarudi mwakani. Ilikuwa na vibanio vya nywele, vifungo, jino la mtu. Mama alikuwa akisema hiyo ndiyo theluji yetu, inatujua kwa majina."

Kurudi nyumbani, baba alimbeba mabegani. Mkia wa panya ulichomoza chini ya koti, ukaburuzika juu ya theluji nyuma yao njia nzima. Asubuhi majirani walisimama barabarani wakibishana ni mnyama gani alipita usiku.

Mkia huo huo aliuvaa baadaye binti yake, Alevtina, ambaye wote humwita Alya. Viti vikawa vinne mfululizo: bibi, mama, mtoto, na babu usingizini. Wakati wazee walipoondoka, mmoja kisha mwingine, Rimma alikuwa amestaafu kuendesha winchi ya kiwandani. Akaomba kazi ya makoti ili asiwe mbali na viti vile. Mshahara, kwa maneno yake, "unalipa umeme na machenza, nyama inalipwa na pensheni."

Lakini hapo ndipo alipojipunja. Theluji huanguka kabla tu ya mapumziko, na kabla ya mapumziko lazima mtu awe kaunta, kwa sababu wavuta sigara huja mbio kama moto uko nyuma yao. Tangu aanze kazi hii, Rimma hajaiona theluji. Anaisikia tu kwenye spika ya ukutani, kizee cha spika kinachomeza fidla zote na kutema ngoma.

Nusu ya kaunta ni ufalme wa Nonna Yefimovna, anayekodisha darubini ndogo za kutazamia jukwaa. Sheria ya jumba ni moja: aliyekodi darubini huchukua koti lake bila kupanga foleni. Matokeo yake nusu ya mji hukodi darubini, na hakuna anayechungulia. Yuko mzee ambaye amezikodi maisha yake yote akidhani ni aina ya tiketi.

Nonna ndiye anayesimulia yaliyotokea miaka tisa iliyopita, kwa kuwa Rimma akifika hapo hujifanya anatafuta mkasi. Mji mzima unaijua habari hiyo, na kila mwaka inanenepa.

"Alya alimleta mchumba wake," Nonna anasema. "Kumtambulisha kwa mama, siku ya Panya, kama ilivyo desturi yao. Sasa Alya yuko pale benchi anabadilisha viatu, kijana akatangulia kwenye foleni peke yake. Kijana kaja kujitia kitanzi, na koti lenyewe halina kitanzi!"

"Nonna, ulimi wako nao hauna kitanzi," Rimma anasema bila kugeuka. "Ndiyo maana unaanguka kila mahali."

"Mwongo mimi?"

Si mwongo. Siku hiyo foleni ilifika mlangoni, watu walikuwa wakinung'unika, na Rimma alikuwa hajanywa hata chai. Kijana mwembamba akalaza koti lake. Rimma akaligeuza, akaliinua juu watu wote walione, akasema kwa ile sauti yake ya winchi: "Kijana mzima, koti kama gunia! Mama yako hakukufunza hata kushona kitanzi?"

Foleni ikaangua kicheko. Kijana alichukua koti lake, akaingia ukumbini, akakaa nalo mapajani onyesho zima, jasho likimtiririka.

Mapumziko yalipofika ndipo Alya alipokuja kaunta, uso mweupe kama ukuta. Yule ndiye Gleb. Na Gleb alilelewa kituo cha watoto huko kaskazini. Hakuwahi kuwa na mama wa kumfunza kitu chochote.

"Nilitaka ardhi ipasuke nizame," Rimma anasema, na mkasi sasa ameuacha. "Lakini ardhi ya huku mwezi wa Desemba haipasuki hata kwa shoka. Nikabaki nimesimama."

Vijana waliondoka na treni ya jioni ile ile. Harusi ilifungwa Murmansk, ambako Gleb anafanya kazi bandarini. Alya hupiga simu kila Jumapili. Mjukuu, Taya, ana miaka saba na anamjua bibi yake kwa sura ya kioo cha simu. Gleb haonekani. Akipita nyuma ya mkewe huonekana kiwiko, basi. Kwa miaka tisa Rimma amemjua mkwewe kwa kiwiko.

"Nilimwambia Alya mara mia, mwambie Gleb hivi na hivi. Nikifika kwenye 'hivi' naanza kuuliza habari za hali ya hewa."

Tangu mwaka ule ndipo sindano zilipoanza. Na tangu mwaka ule kulabu ya mwisho, ile ya dirishani juu ya bomba la kupashia chumba joto, ambako koti hurudi kwa mwenyewe likiwa limepata joto kama mkate, haitundikwi kitu Siku ya Panya. Meneja aliwahi kuuliza. Rimma alimjibu kuwa kulabu imeoza.

Wiki mbili zilizopita Alya alipiga simu siku isiyo Jumapili. Amekata tiketi tatu za treni na tatu za bale. Taya amefikisha umri wa panya na hajawaona panya.

"Nikamuuliza, na Gleb?" Rimma anasimulia. "Akasema: 'Atakuja mpaka mjini, mama. Kuingia ndani simuahidi mtu. Anasema atatungoja stesheni, pale wana supu nzuri.' Mimi nikamwambia maneno matatu tu: kulabu yake ipo."

Bale inaanza saa sita kamili. Saa tano na nusu kengele ya kwanza inalia na treni ya Murmansk haijaingia, theluji imeziba njia. Makoti yamejaa mpaka mengine yanabeba wenzao. Mbele ya kaunta amesimama daktari wa meno, yule wa pazia, na koti la manyoya lenye uzito wa dubu aliyeshiba.

"Rimma Zakharovna, ile pale iko wazi."

"Imeoza."

"Miaka tisa imeoza na haijaanguka? Hata meno hayana uvumilivu huo."

"Yako wewe ndiye unayeyang'oa, daktari. Kulabu yangu iache."

"Sasa nikae na dubu huyu mapajani?"

Neno "mapajani" linamkata Rimma. Anaitazama kulabu, anautazama mlango, anaitazama saa. Mkono wake unafika nusu ya njia kuelekea dirishani. Kisha anatungua kizibao chake mwenyewe kwenye msumari wa nyuma, anakitupa juu ya kiti, na kulitundika dubu la daktari pale.

Kengele ya pili. Ukumbi wa mapokezi unaishiwa watu. Nonna anahesabu darubini zilizobaki, kisha anazihesabu tena.

Mlango unafunguka, wingu la baridi linaingia, na ndani ya wingu wamo wawili: mwanamke mwenye shali na mtoto anayekimbia. Rimma anawakumbatia juu ya kaunta, vibao vya namba vinamwagika chini.

"Bibi, wewe ni mfupi kuliko kwenye simu," Taya anasema.

"Na wewe ni mrefu kuliko kwenye simu. Simu inadanganya pande zote mbili." Lakini macho yake yako mlangoni, nao mlango umefungwa. "Supu?" anamuuliza Alya kwa sauti ndogo.

"Hata sijui, mama. Alitutangulia kushuka kwenye teksi, kisha akarudi nyuma."

Nje unasikika mshindo wa mtu anayegonga theluji kwenye viatu vyake. Mguu mmoja. Wa pili. Wa kwanza tena. Mtu mwenye viatu safi kiasi hicho hajawahi kuingia jumba hili.

Kisha Gleb anaingia. Si mwembamba tena. Anavua koti mlangoni kabisa, anatembea nalo mkononi mpaka kaunta, analilaza, na kuligeuza kola mwenyewe.

Ndani pana kitanzi cha kamba ya kufungia meli, kinene kama kidole gumba, kimeshonwa kwa mshono mkubwa wa waya.

"Nimekuja na kitanzi, Rimma Zakharovna."

Rimma anakigusa. "Hiki ni cha koti au cha meli?"

"Cha meli. Nimeshona mwenyewe." Anakibonyeza kwa kidole gumba. "Nilijifunza."

Daktari wa meno amesimama katikati ya ngazi. Mama mmoja amesahau mtoto wake nusu amevaa kiatu. Rimma anawaona wote, na anaongea kwa sauti yake ya winchi, ile ile.

"Gleb, mwanangu. Nilikuvunjia heshima mbele ya watu. Nakuomba radhi mbele ya watu. Ulimi wangu uliropoka kabla sijatazama uso wako."

Gleb anainama, anaokota kibao kimoja kilichoanguka, anakiweka juu ya kaunta. Anatazama dirishani.

"Ndiyo hiyo iliyooza?"

"Alya kakwambia?"

"Mji mzima unajua. Dereva wa teksi kaniambia."

"Basi ijaribu."

Gleb anazunguka, anainua ubao wa kaunta, anaingia ndani na kulitundika koti mwenyewe. Kulabu inalia kidogo, inashika.

Kengele ya tatu. Alya anamshika mumewe mkono, lakini yeye hatoki. Anachomoa tiketi yake mfukoni na kuisukuma mbele ya Rimma.

"Nenda wewe. Kile kiti mimi nilishakikalia, tena na koti mapajani. Nakijua."

"Na makoti? Wavuta sigara watakutafuna!"

"Mimi napakua makontena, tena wakati wa dhoruba. Nenda, mama. Theluji haikungoji."

Neno "mama" linapita haraka, kama mtu anayejipenyeza foleni. Rimma anachomoa sindano moja moja kifuani, anamkabidhi, na kukimbilia ngazi kwa mgongo ule ule uliobakiza kuinama kuchache.

Nonna anamfuata mbio. "Chukua darubini! Bure, leo tu!"

Ndani, Alya amekaa kushoto, Taya kulia. Panya wanaingia, mzinga unalia, panya mmoja wa safu ya tatu anakanyaga mkia wa mwenzake. Halafu taa zinakuwa za buluu na karatasi zinaanza kushuka kutoka juu, taratibu, zile zile za gunia, zenye rangi ya njano kidogo kwa uzee. Gizani Taya anasikia kitu kikivunjika kwa sauti ndogo, na harufu inaenea kiti hadi kiti. Bibi anamenya chenza. Anampa mjukuu kipande kimoja, anampa binti kimoja, na haitumii darubini hata mara moja.

"Bibi alikuwa analia na kutafuna pamoja," Taya anaripoti baadaye. "Mimi siwezi. Nilijaribu."

Mapumziko yanakuta foleni kaunta na mzee mmoja mbele kabisa, amelishika koti lake lililopasuka kitanzi. Rimma anasimama juu ya ngazi, hashuki. Anamsikia Gleb.

"Kitanzi kiko wapi, mzee?"

"Kimekatika, baba. Mke wangu ndiye alikuwa akishona. Sasa hayupo."

"Haya. Hapa hatuulizi nani alikufunza. Lete, kikikatika kinashonwa."

Na kinashonwa, kwa uzi mwekundu na fundo la mabaharia ambalo, kwa ushahidi wa Nonna, halitafunguka hata mzee afufuliwe siku ya kiyama akiwa amelivaa.

Saa tisa jumba limenyamaza. Kulabu zote ziko tupu isipokuwa ya dirishani. Gleb anachukua kizibao cha Rimma pale kwenye kiti ili amvishe, anageuza kola kwa mazoea ya siku moja, na kusimama.

"Mama."

"Nini?"

"Kitanzi kiko wapi?"

Rimma anatazama. Hakipo. Miaka yote hiyo kizibao chake hakijawahi kupita juu ya kaunta, kimekuwa kikining'inia kwa kola kwenye msumari wa nyuma, na hakuna aliyewahi kukigeuza. Nonna anacheka mpaka anakaa juu ya darubini.

"Mimi nilifunzwa," Rimma anasema hatimaye. "Tena na fundi. Sikusikiliza tu."

Taya anatunga uzi, Gleb anashona. Rimma anaketi mbele yao mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza siku nzima hana kazi.

Mwakani, anasema, Taya atakuja wiki mbili mapema kwa mazoezi, ameshapimwa mkia. Meneja ameambiwa atafute mtu wa kaunta kwa siku hiyo moja. Akikosa, Gleb amejitolea nusu ya kwanza na Alya ya pili. Rimma anataka kitu kimoja tu: kuingia kwa mlango wa mbele kama watu wengine, apange foleni, alaze kizibao chake juu ya kaunta na kola ikiwa imegeuzwa.

"Na mtu akinong'ona kwenye foleni juu ya kitanzi changu," anasema, akivuta kile kitanzi kipya kuona kama kinashika, "nitamwambia akishonacho mkwe wangu kinavuta meli."